Selous: Mwindaji aliyejifunza uzito wa bunduki kwa bega lake

Na Mwandishi Wetu, Kibaha

MAGARI ya watalii yanayotoka Dar es Salaam kwenda mbuga za kusini kwa njia ya Morogoro hupita Kibaha asubuhi na mapema, kabla foleni haijakaza, yakaelekea Chalinze, Morogoro na hatimaye Kisaki. Wanaochagua reli ya TAZARA huikata wilaya ya Kisarawe, huiacha stesheni ya Mzenga nyuma yao, na baada ya mwendo si haba huanza kuona twiga na pofu kupitia madirisha ya mabehewa. Njia zote mbili hufika katika nchi moja, nchi ambayo tangu mwaka 1922 ilipewa jina la Mwingereza mmoja aliyeuawa humo kwa risasi.

Jina hilo ni Selous, ambalo wakazi wengi wa Mkoa wa Pwani hulitamka Seluu, na wengi wao hudhani ni jina la mto au la kilima. Ni jina la mtu. Frederick Courteney Selous alikuwa mwindaji, mwandishi wa vitabu, kiongozi wa njia na mwishowe kapteni wa jeshi. Habari zake zimeandikwa mara nyingi, lakini kuna sehemu moja ya maisha yake ambayo kwa kawaida hupitwa haraka, nayo ni namna bunduki mbili za bei rahisi, zilizokuwa nyepesi kuliko ilivyopasa, zilivyomharibia ulengaji kwa miaka mingi.

Wazee wa vijiji vya Kisarawe wanaolijua gobore hawatashangazwa na habari hiyo. Gobore hushindiliwa baruti na risasi kwa mdomoni, hutiwa fataki, na likilia humsukuma mpigaji kana kwamba amepigwa teke na punda. Bunduki za kwanza za Selous zilikuwa ndugu wa gobore, ila kwa ukubwa zilikuwa kaka mkubwa mno.

Alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851, katika familia yenye uwezo, baba yake akiwa mtu mkubwa katika soko la hisa la jiji hilo. Alisoma katika shule ya Rugby, ambako alijulikana zaidi kwa kupanda miti na kuiba mayai ya ndege kuliko kwa vitabu. Januari 1867, akiwa kijana wa miaka 15, alinusurika pale barafu ya ziwa la bustani ya Regent's Park ilipovunjika na watu 40 wakafa majini. Yeye alilala kifudifudi na kutambaa juu ya vipande vya barafu hadi ukingoni. Wazazi walitaka awe daktari. Yeye alitaka Afrika.

Septemba 1871 alishuka pwani ya Algoa Bay, Afrika Kusini, akiwa na umri wa miaka 19 na pauni 400 mfukoni. Alikuwa pia na bunduki nzuri ya mitutu miwili aliyokuja nayo kutoka Uingereza, kazi ya fundi Reilly. Bunduki hiyo iliibwa njiani kabla hajaanza uwindaji wenyewe, na wizi huo mdogo ndio uliogeuza mambo yote yaliyofuata.

Ili kuziba pengo alinunua bunduki mbili zilizotengenezwa na Isaac Hollis wa Birmingham, kila moja kwa pauni 6. Zilikuwa bunduki za kushindilia, zenye mtutu laini usio na mifereji ndani, na awali zilikusudiwa kwa kupigia bata. Kila moja ilikuwa na uzito wa takribani kilo 5.7. Risasi yake ilikuwa gololi ya gramu 113 hivi, na baruti yake takribani gramu 35, ambayo Selous hakuipima kwa kipimo chochote bali aliichota kwa kiganja kutoka katika mfuko wa ngozi uliokuwa kiunoni, mara nyingi akiwa anakimbia.

Hapa inafaa kusimama kidogo ili msomaji asiyewahi kushika silaha aelewe tatizo lilikuwa wapi. Risasi inaposukumwa mbele, bunduki nayo husukumwa nyuma kwa nguvu inayolingana. Kama bunduki ni nzito, hurudi polepole na bega huipokea. Kama ni nyepesi, hurudi kwa kasi na kumpiga mtu. Bunduki ya kawaida ya jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ile Lee-Enfield fupi, ilikuwa na uzito wa karibu kilo 4 na risasi yake ilikuwa gramu 11 hivi. Kwa hiyo risasi ya Selous ilikuwa nzito mara 10 ya ile ya askari, lakini bunduki aliyoipigia haikufika hata mara moja na nusu ya uzito wa ile ya askari. Mafundi wa London waliotengeneza bunduki maalumu za tembo za kipenyo hicho walizipa uzito wa kilo 10 hivi, na hawakufanya hivyo kwa kupenda kumtesa mbebaji.

Selous aliujua upungufu huo, lakini miguu yake nayo ilikuwa na hoja. Tembo wa nchi ya Matabele walikuwa wamekimbilia maeneo yenye mbung'o, ambako farasi hufa, hivyo aliyewataka ilimpasa kuwafuata kwa miguu. Aliwafuata akiwa amevaa shati, kofia na viatu tu, bila suruali, kutwa nzima, siku baada ya siku. Bunduki ya kilo 10 humchosha mtu kabla hajamfikia mnyama. Ile ya kilo 5.7 humfikisha, kisha humwadhibu.

Mwaka 1872 alikwenda Bulawayo kumwomba Mfalme Lobengula ruhusa ya kuwinda. Mfalme alimcheka kwa ujana wake na kumuuliza kama alikuja kuwinda paa wadogo, kisha akamruhusu, bila shaka akiamini kwamba tembo wangemmaliza. Mambo yalikuwa kinyume. Katika misimu mitatu, kuanzia 1872 hadi 1874, kijana huyo aliua tembo 78 kwa bunduki zake za kupigia bata.

Gharama ilikuwa kubwa. Siku moja bunduki yake iligoma, na katika haraka ya kumfukuza tembo ikashindiliwa mara ya pili juu ya baruti na risasi iliyokuwamo. Alipofyatua, alinyanyuliwa juu na kutupwa kifudifudi mchangani, nayo bunduki ikaruka juu ya bega lake na kuangukia mbali. Mkono wake wa kulia haukuweza kuinuka. Kitako kilikuwa kimempasua chini ya mfupa wa shavu na damu ikimchuruzika usoni.

Kitako chenyewe kilivunjika vipande vipande. Inafaa ikumbukwe kwamba hakikuwa kitako dhaifu. Wawindaji wa tembo wa siku hizo walikuwa na desturi ya kukizungushia mti wa bunduki ngozi mbichi ya upande wa ndani wa sikio la tembo. Ngozi hiyo ikikauka hujikaza na kuushika mti kama pete ya chuma. Hata pete hiyo haikufua dafu.

Wapo wasomaji watakaojiuliza kwa nini jeraha lilikuwa shavuni ilhali bunduki huegemezwa begani. Jibu limo katika umbo la kitako. Mtutu huwa juu kidogo ya bega, kwa hiyo nguvu ya kurudi nyuma haiji kwa mstari ulionyooka, bali huuinua mtutu juu, na kitako kilichopinda sana kuelekea chini huinuka nao na kulifuata shavu. Mtu aliyeinamisha kichwa ili alenge vizuri ndiye anayeumia zaidi.

Urefu wa kitako nao una hesabu yake. Hupimwa kutoka kwenye kifyatulio hadi mwisho wa mti unaogusa bega, na kwa watu wazima wengi huwa kati ya sentimita 33 na 36. Kikiwa kirefu mno hukwama kwapani au kwenye nguo wakati wa kuinua, mkono wa mbele hulazimika kunyooka, na bunduki hujihisi nzito upande wa mdomo hata kama kwenye mizani haikuongezeka gramu moja. Kikiwa kifupi mno, kidole gumba hukaa karibu na pua, na teke la kwanza humfundisha mpigaji adabu. Yeyote aliyepitia mafunzo ya mgambo akiwa na mikono mirefu au mifupi kuliko wenzake anayajua haya bila kusoma popote.

Jeshi la Uingereza lilitambua jambo hilo, na Lee-Enfield fupi ilitolewa kwa vitako vya urefu tofauti: wa kawaida, mrefu zaidi kwa nusu inchi, mfupi kwa nusu inchi, na wakati wa vita kikaongezwa kingine kifupi kwa inchi nzima kwa ajili ya askari wa vikosi vya watu wafupi. Nusu inchi ni kama sentimita 1.3, unene wa kidole. Mtu angeweza kulipuuza, lakini unene huo wa kidole ndio huamua kama bunduki itafika begani ikiwa tayari imeelekea shabaha, au kama mpigaji atapoteza nukta moja kuitafuta. Mbele ya tembo, nukta moja ni muda mrefu.

Uwiano wa bunduki, yaani ile nukta ambapo ukiilaza juu ya kidole haiinami mbele wala nyuma, hutokana na mapatano kati ya mtutu na mti. Fundi akirefusha mtutu bila kuongeza mti, bunduki huinamia mbele. Akiujaza mti mzito nyuma, mdomo huyumba. Bunduki ambayo uzito wake umekaa kati ya mikono miwili huonekana nyepesi mkononi kuliko ilivyo kwenye mizani. Bunduki za Hollis zilitengenezwa kwa mtu anayengoja bata kando ya maji akiwa ametulia, tena kwa mzigo mdogo zaidi wa chuma. Hakuna fundi aliyempima Selous mkono wala shingo. Alizichukua dukani kama zilivyokuwa.

Baadaye katika maisha yake alikiri katika maandishi yake kwamba alijutia kuzifahamu bunduki hizo. Aliamini kwamba mateke yake yalimharibu neva, akawa anashtuka kabla ya mlio, na kwamba ulengaji wake hata kwa bunduki nyepesi uliathirika kwa miaka mingi iliyofuata. Ni ungamo zito kwa mtu ambaye umaarufu wake ulijengwa juu ya uwindaji, na mwandishi huyu anaona ndilo jambo la kweli kuliko yote katika vitabu vyake.

Alipopata fedha aligeukia silaha za aina nyingine kabisa. Kwa miaka mingi rafiki yake mkubwa ilikuwa bunduki ya risasi moja moja ya George Gibbs wa Bristol, yenye kipenyo cha milimita 11.7. Katika uzee alipenda ile ya Holland & Holland ya kipenyo cha milimita 9.5. Kadiri umri ulivyosogea, risasi zake zilipungua unene na kasi yake ikaongezeka, kwani baruti mpya isiyo na moshi iliyoenea katika miaka ya 1890 iliwezesha risasi ndogo kufanya kazi iliyohitaji gololi kubwa.

Aliyelifikisha jambo hilo mwisho wake hakuwa yeye, bali Mskoti Walter Bell, aliyeanza kuwinda Karamoja, Uganda, mwaka 1902. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya Rigby ya milimita 7 ambayo risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 11 tu. Alipasua mafuvu ya tembo ili ajue ubongo ulipokaa, na alisisitiza kwamba bunduki nyepesi inayomtii mwenyewe ni bora kuliko mzinga unaomtisha. Selous alikuwa amelipa ada ya somo hilo miaka 30 kabla.

Haifai kuyapamba maisha hayo. Tembo wale 78 walikuwa biashara ya pembe, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1880 Selous mwenyewe aliona kwamba nchi aliyoiwinda ilikuwa imekaribia kuisha tembo. Mwaka 1890 aliuongoza msafara wa Cecil Rhodes kuingia Mashonaland, akiwachorea njia walowezi walioichukua nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Mwaka 1893 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunuku nishani ya dhahabu kwa safari zake, na mwaka uliofuata alioa. Makumbusho ya viumbe ya London yalipokea kutoka kwake mamia ya wanyama waliokaushwa. Rais wa Marekani Theodore Roosevelt, aliyekuwa rafiki yake, alimtegemea kwa ushauri wa safari yake ya Afrika Mashariki ya mwaka 1909.

Vita vilipozuka mwaka 1914 Selous alikuwa na miaka 62, na kwanza alikataliwa kwa sababu ya umri. Hatimaye aliingia katika Batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers, kikosi cha Kanali Driscoll kilichokusanya wawindaji, mabaharia na watu wa kila namna. Waliteremka Mombasa Mei 1915, na Juni mwaka huo walishiriki katika kuishambulia Bukoba. Vijana wa kikosi hicho waliangushwa na malaria na kuhara. Mzee huyu aliendelea kutembea. Alipandishwa cheo kuwa kapteni, akaugua, akapelekwa Uingereza kupasuliwa mwaka 1916, akarudi. Septemba mwaka huo alitunukiwa nishani ya DSO.

Upande wa pili, makampuni mengi ya askari wa Kijerumani yaliingia vitani yakiwa na bunduki kongwe ya mwaka 1871, yenye urefu wa meta 1.35 na uzito wa kilo 4.5, iliyopiga risasi moja moja kwa baruti ya moshi. Ilikuwa ndefu kichakani, na kila mlio ulitoa wingu jeupe lililomwonyesha adui alipo mpigaji. Hata hivyo, askari hao wa Von Lettow-Vorbeck walilenga vizuri, na kadiri vita vilivyoendelea walijipatia silaha mpya, nyingine zikiwa za kuteka.

Septemba 1916 Dar es Salaam iliangukia mikononi mwa Waingereza, na Wajerumani wakarudi kusini kuelekea Rufiji. Reli ya Kati, ileile inayopita Pugu na Ruvu, ikawa mgongo wa vita. Kutoka Mikese mizigo ilipelekwa Duthumi na Kisaki kwa barabara za matope, na sehemu kubwa ilikwenda juu ya vichwa vya wapagazi. Uzito wa bunduki ambao wawindaji waliujadili katika vitabu ulikuwa, kwa maelfu ya Waafrika hao, uzito wa masanduku ya risasi, na hakuna fundi aliyewapimia urefu wa kitu chochote.

Tangu siku zake za kwanza Selous naye alitegemea mabega ya watu wengine. Wabebaji bunduki walimpokeza silaha iliyoshindiliwa, wakachukua iliyokwisha kupigwa, na kusimama palepale alipokuja tembo, wao wakiwa mikono mitupu. Katika vita vya Afrika Mashariki mbebaji wake aliitwa Ramazani.

Mapema Januari 1917 Jenerali Smuts aliamuru mashambulizi katika mstari wa Mto Mgeta. Kikosi cha Selous kilizungushwa hadi Beho Beho ili kuwakatia Wajerumani njia ya kurudi nyuma. Asubuhi ya tarehe 4, siku nne baada ya kutimiza miaka 65, alikuwa mbele na kampuni yake, akiwatafuta walengaji waliojificha. Aliinua darubini. Risasi ikampata kichwani na kumuua papo hapo. Inasimuliwa kwamba Ramazani, alipomwona bwana wake ameanguka, aliwarukia adui kwa hasira, naye akauawa.

Mtoto wake wa kiume, Freddie, aliyekuwa rubani wa kivita, aliuawa Ulaya tarehe 4 Januari 1918, mwaka mmoja kamili baada ya baba yake.

Eneo alikozikwa lilikuwa tayari na historia ya hifadhi, kwa kuwa sehemu yake ilianza kulindwa mwaka 1896 chini ya gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann. Waingereza ndio waliolipa jina la mwindaji wao mwaka 1922. UNESCO ililiorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1982. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya kaskazini ilitengwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambako haruhusiwi mtu kuwinda, na jina la Selous likabaki katika pori la akiba lililosalia.

Kaburi lenyewe limo upande wa Hifadhi ya Nyerere. Ni bamba la kawaida lililolazwa chini, lenye jina, cheo, kikosi na tarehe ya kifo. Waongozaji huwafikisha wageni hapo kabla ya kuendelea kwenye maziwa na mto, na tembo wa Beho Beho hupita karibu nalo wakielekea majini.